Taa ya Gari Ikiingia Maji, na Namna ya Kubadili Taa za Ukungu: Mwongozo wa Msimu wa Mvua Kigoma

Mvua za Kigoma zikishaanza, Oktoba au Novemba, hazina haraka ya kuondoka. Zinakwenda hadi Aprili, na mwaka mwingine zinaigusa Mei. Msimu huo ndio unaoleta watu gereji na swali lile lile: "Fundi, taa imeingia maji, tuizibe na nini?" Swali limekosewa mwishoni. Kabla hujauliza unaziba na nini, uliza maji yamepita wapi. Na kabla ya hapo, uliza kama kweli ni maji, au ni mvuke wa kawaida utakaoondoka wenyewe kabla hujafika Mwandiga.

Mimi nilijifunza kwa kuharibu. Probox yangu ilipata mvuke kwenye taa ya kushoto baada ya kuoshwa kwa presha. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, akaizungushia silikoni kila alipoona mshono. Hata vile vitundu viwili vya mgongoni akaviziba, na mimi nimesimama pembeni namshukuru. Baada ya wiki tatu ndani kulikuwa na maji ya kujaza kikombe cha kahawa, yanacheza huku na huku kila nikikata kona, na ile rangi ya fedha ya ndani, inayorudisha mwanga mbele, imebabuka kama chokaa kwenye ukuta wenye unyevu. Taa ikawa ya kutupa. Sote wawili hatukujua kwamba taa ya gari haikutengenezwa ifungwe kama chupa. Inapumua.

Inavyopumua

Balbu ya halojeni iliyozoeleka, H4, inakula wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto, si mwanga. Ukiwasha, hewa ya ndani inapanuka na kutafuta pa kutokea. Ukizima, inasinyaa na kuvuta hewa ya nje. Ndiyo maana watengenezaji huacha matundu mgongoni mwa taa: mengine yana kipande cha mpira kilichopinda kuelekea chini, mengine yana kifuniko kidogo chenye kitambaa maalumu kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Mara nyingi yako mawili au zaidi, moja juu na jingine chini, ili hewa izunguke.

Sasa chukua gari linaloshuka kutoka Kasulu jioni. Taa zimewaka saa nzima, zimechemka. Mbele kuna dimbwi, dereva analipiga. Taa inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa kwa mkupuo na kunyonya kwa nguvu popote penye upenyo. Kama upenyo wenyewe wakati huo uko chini ya maji, kinachonyonywa ni maji. Kwa hiyo usishangae gari kulala nje kwenye mvua usiku kucha likaamka kavu, halafu dimbwi moja likaijaza taa.

Ukiziba matundu yote unafanya mabaya mawili kwa mpigo. Joto likipanda, hewa inasukuma mshono ulio dhaifu kuliko yote mpaka uachie. Na unyevu uliokuwemo hauna tena pa kutokea.

Mvuke au maji?

Mvuke wa kawaida ni utando mwembamba kwenye sehemu ya kioo, hasa pembeni na chini, baada ya mvua, baada ya kuosha gari, au asubuhi yenye baridi. Magari yanayolala Kasulu au huko milimani Buhigwe yanaamka nao zaidi kuliko yanayolala Ujiji kandoni mwa ziwa. Washa dimu, endesha dakika 20 hadi 30. Ukiondoka wote, iache taa yako, haina ugonjwa.

Ukiona matone yanayotiririka, maji yaliyotuama chini, au mstari wa tope kavu unaoonyesha maji yalifika wapi, hapo pana mlango. Kuna kipimo kingine ninachokiamini kuliko vyote na hakihitaji kifaa chochote: linganisha taa mbili. Zote zikiwa na mvuke sawa, ni hali ya hewa. Moja ikiwa kavu na nyingine inatoa jasho, hiyo ya jasho ina tundu.

Tahadhari kwa waliobadili balbu za halojeni wakaweka za LED. LED haipashi kioo joto kama halojeni. Joto lake linatokea nyuma, kwenye kipoozeo. Mvuke ambao halojeni ingeukausha kwa nusu saa unaweza kukaa humo siku nzima. Usikimbilie kusema taa inavuja, fanya kwanza kipimo cha taa mbili.

Mlango uko wapi

Watu hukimbilia mshono wa kioo kwa sababu ndio unaoonekana. Anza nyuma. Fungua boneti, chukua tochi, angalia kifuniko cha mpira au cha plastiki kinachofunika balbu. Taa nyingi ninazoletewa zina tatizo hapo: kifuniko hakipo kabisa, kimepasuka, kimevaliwa upande, au kimekatwa kwa kisu. Hao wa kukata ni walewale wa LED. Balbu ile ina feni na mkia mrefu, kifuniko hakifungi, basi aliyeifunga anatoboa mpira au anautupa. Umenunua mwanga mweupe na ukaliacha dirisha wazi. Kama huna namna ya kupata kifuniko kirefu kinachoimeza LED yote, rudisha halojeni. Ndiyo rai yangu, na najua wengi hawaipendi.

Kifuniko cha mpira kikipotea na duka la spea halina cha gari lako, tyubu ya pikipiki inasaidia kwa muda. Kata duara, toboa katikati tundu dogo kuliko shina la balbu ili mpira ubane, kisha ukingo wa nje uufunge kwa tai ya plastiki. Usiache mpira uguse kioo cha balbu.

Baada ya hapo angalia matundu ya kupumulia. Kile kipande cha mpira kilichopinda huchomoka na kuangukia ndani ya bampa bila mtu kujua, na tundu lililobaki linatazama moja kwa moja kule maji ya tairi yanakotokea. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, yanajaa vumbi. Nyigu wa udongo nao wanayapenda sana: wanajenga humo, wanafunga, wanaondoka. Chomoa mpira, uoshe, urudishe. Tundu lenye kitambaa usilichokoe kwa waya, utakitoboa.

Zilizobaki nazitaja tu. Pete ndogo ya mpira kwenye shingo ya balbu ikikauka inapitisha maji. Kioo kilichopigwa jiwe kinaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele, usioonekana mpaka umulike tochi kwa ubavu. Na gari lililowahi kugongwa mbele, hata kidogo, huwa na kishikizo kilichokatika nyuma ya taa na kuchana mwili wa taa pamoja nacho.

Kuitoa na kuikausha

Zima kila kitu, acha balbu zipoe, chomoa waya wa hasi kwenye betri. Kama gari lako lina taa za zenoni, hatua hii si ya hiari: umeme wa kuwashia zenoni unazidi volti 20,000. Ukiona kiboksi cha chuma kimefungwa chini ya taa na waya mnene unaoingia kwenye balbu, hiyo ni zenoni, na kama hujawahi kuigusa muite anayeijua.

Taa nyingi za Toyota zinashikwa na bolti namba 10, mbili juu na moja pembeni, lakini kuna klipu au bolti inayojificha chini ya bampa. Usivute kwa hasira. Legeza bampa upande ule, livute nje kidogo, utaiona. Vishikizo vya plastiki vikikatika hapa, umejitengenezea tundu jipya huku unatibu la zamani.

Ukishaitoa, toa balbu zote na vifuniko vyote. Imwage maji kwa kuigeuzageuza. Kama tope limeingia ndani, suuza kwa maji ya betri, yale safi ya kuongezea, siyo tindikali. Maji ya bomba yakikauka yanaacha madoa meupe. Usiingize kitambaa kufuta ile rangi ya fedha. Ni utando mwembamba sana uliorushiwa juu ya plastiki, unatoka kwa kidole. Ukitoka haurudi, na mwanga unapotea nao.

Kisha jua. Saa nne asubuhi mpaka saa tisa, matundu yakitazama chini au ubavu, yamefunikwa kwa kipande cha chandarua ili wadudu wasiingie. Siku moja ya jua kali inatosha kwa taa iliyomwagwa vizuri. Kama ni wiki ile ambayo jua halionekani, tumia drayer ya saluni, ukiipuliza kutoka tundu la balbu kwa joto la wastani, ukisogeza mkono muda wote. Upepo wa kompresa ya ufundi tairi nauepuka, kwa sababu tangi lake lina maji na mafuta chini, na yote yanapulizwa ndani ya taa yako.

Vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, wengine huviacha humo moja kwa moja. Kwenye taa inayopumua katikati ya masika vinashiba mapema na kubaki mzigo. Na vikiangukia balbu vinaungua.

Kutafuta tundu kwa povu

Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka, na ndiyo inayotenganisha kuziba na kubahatisha. Taa ikiwa kavu, rudisha balbu na vifuniko vyake kama inavyokaa kwenye gari. Ziba matundu ya kupumulia yote kwa tepu isipokuwa moja, na kwenye hilo chomeka mpira mwembamba. Koroga sabuni ya unga kwenye maji kidogo mpaka ipate povu zito, lipake kwa brashi ya rangi kuzunguka mshono wote, kwenye kona, nyuma ya kila kishikizo. Halafu puliza kwa mdomo, polepole, kama unayepuliza moto wa mkaa usitake majivu yaruke. Usitumie pampu, utaachanisha mshono mzima.

Niliwahi kukaa na taa ya Noah ya jirani yangu mapajani namna hiyo, kibarazani, mwanawe ameshika brashi. Tulizunguka kioo chote, povu likakaa kimya. Tukafika kona ya chini, nyuma ya kishikizo cha bampa, mahali ambapo jicho halifiki taa ikiwa kwenye gari. Kikatokea kiputo kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kikavimba, kikapasuka, kikaanza kingine palepale. Baba yake alikuwa amekwisha nunua chupa mbili za silikoni ili azungushe kioo kizima. Tulitumia kiasi cha ncha ya kidole.

Weka alama kwa kalamu ya wino mzito, osha sabuni, kausha tena.

Kuziba

Safisha mahali palipowekwa alama kwa spiriti, palainishe kidogo kwa msasa laini ili gundi ishike, futa tena. Halafu chagua gundi kwa akili.

Silikoni ziko za namna mbili. Ukifungua ikanuka kama siki, hiyo inatoa asidi inapokauka, na asidi ile ikibaki ndani ya taa inaila rangi ya fedha na kupiga kutu vituo vya umeme. Tafuta isiyonuka siki, ile ambayo kwenye tyubu imeandikwa kuwa inafaa kwa vyuma na vioo vya aina zote. Kwa tundu la plastiki lililochanika, gundi ya sehemu mbili ya kuchanganya, epoksi, inashika vizuri zaidi. Gundi ile ya matone inayokauka kwa sekunde usiiguse kabisa kwa kazi hii: moshi wake unakwenda kutua juu ya kioo kwa ndani na kuacha weupe kama vumbi la unga, na hutaufikia kuufuta.

Acha saa 24 kabla ya kurudisha taa. Vitundu vya kupumulia ondoa tepu. Nimewahi kusahau, ndiyo maana naandika.

Kama mshono wote wa kioo umechoka, dawa ni kufungua kioo, kung'oa gundi nyeusi ya zamani na kuweka mpya. Gundi hiyo hulainika kwa joto, na wenye vifaa huiweka taa kwenye oveni yenye nyuzi kama 100 kwa dakika chache. Binafsi sipendekezi kwa jiko la nyumbani. Sekunde chache za ziada na plastiki inapinda, na baadhi ya taa zimefungwa kwa gundi ngumu isiyolainika, ukilazimisha unavunja. Kwa taa ya gari la kawaida, tafuta nyingine.

Ukinunua taa nyingine

Hapa Kigoma tuna jambo letu. Tunaendesha kushoto, lakini majirani zetu Burundi wanaendesha kulia, na spea za mtumba hazina mpaka. Taa ya mbele hutengenezwa kwa upande wa barabara: mwanga wa dimu unapanda kidogo kuelekea ukingo ulio karibu nawe, ili umulike watembea kwa miguu bila kumpofusha anayekuja. Taa ya nchi inayoendesha kulia ikifungwa kwenye gari linaloendeshwa kwetu, ule mpando unamwelekea dereva wa mbele machoni. Yeye atakupigia fulu njia nzima, wewe utadhani ana kiburi.

Kabla hujalipa, omba iwashwe ikitazama ukuta. Ukiwa nyuma ya taa unautazama ukuta, mstari wa juu wa mwanga wa dimu unapaswa kupanda upande wa kushoto. Ukipanda kulia, irudishe. Angalia pia rangi ya fedha ya ndani kwa tochi, na hesabu vishikizo.

Taa za ukungu: kazi yake

Njia ya Manyovu au ya Kasulu alfajiri, wingu likiwa limelala barabarani, ukiwasha fulu unajijengea ukuta mweupe mbele ya kioo. Matone ya ukungu yanarudisha mwanga machoni mwako. Taa ya ukungu inakaa chini kwenye bampa, mwanga wake ni mpana na bapa, umekatwa juu, unapita chini ya ukungu na kukuonyesha ukingo wa lami. Haimuliki mbali na haikukusudiwa hivyo. Usiku usio na ukungu inakudhuru: inang'arisha sana mita chache za mbele, jicho linazoea mwanga huo, na kule mbali, ambako ng'ombe amelala barabarani, unaona giza.

Njano au nyeupe? Wanaobishana hawataisha. Ufaransa ililazimisha taa kubwa za mbele ziwe za njano mpaka 1993, na bado watu wanabishana. Umbo la mwanga na kimo cha taa ndivyo vinavyofanya kazi. Rangi chagua ipendayo macho yako.

Kwa kuwa zinakaa chini, taa hizi ndizo za kwanza kula maji na mawe. Nyingi zina kioo halisi, si plastiki, na kioo cha moto kikipigwa na maji ya baridi kinapasuka. Ukiona dimbwi refu mbele, zizime mapema, zipoe kidogo.

Kuzibadili

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha taa ndiyo mbovu. Zikizima zote mbili kwa pamoja, angalia fyuzi na rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) kwanza. Ikizima moja, badilisha balbu upande kwa upande. Tatizo likihama na balbu, umemaliza kazi. Lisipohama, washa taa na pima soketi kwa mita: ikisoma volti 12 au zaidi, umeme unafika hapo, kwa hiyo kagua taa yenyewe na miguu ya soketi. Isiposoma kitu, jaribu waya wa chanya ukitumia bodi ya gari kama hasi. Ukipata umeme namna hiyo, waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, umekatika au umeoza. Malori ya chumvi ya Uvinza na yale ya samaki yanaumwa ugonjwa huu zaidi. Chumvi inakula soketi mpaka miguu inageuka kijani.

Kufika kwenye taa bila kung'oa bampa, kata usukani kinyume na upande unaofanyia kazi: taa ya kushoto, kata kulia. Nafasi inafunguka mbele ya tairi. Zima injini, vuta hendibreki, chomoa hasi ya betri. Toa klipu na skrubu za lile plastiki linalokinga tope ndani ya upinde wa tairi, nusu ya mbele tu, ulikunje nyuma. Klipu zinainuliwa kitovu kwanza kwa bisibisi bapa, ndipo zinatoka. Ukizing'oa nzima zinavunjika, na plastiki litapiga tairi njia nzima.

Ingiza mkono. Bonyeza ulimi wa soketi, ivute. Mara nyingi imeshikamana na tope, izungushezungushe, usivute waya. Balbu inatoka kwa kuizungusha kinyume cha saa, robo ya mzunguko au pungufu. Sasa isome.

Hapa pana mtego. H8, H11 na H16 zinafanana shingo kiasi kwamba mtu mwenye kisu anaweza kuikata meno moja ikaingia mahali pa nyingine. Lakini H8 ni wati 35, H11 ni 55, na H16 ni 19. Taa iliyotengenezwa kwa wati 19 ukiipa 55, unaipikia: plastiki inalainika, rangi inababuka, soketi inayeyuka. Magari ya zamani kidogo ya Kijapani yana HB4 ya wati 51, na taa nyingi za kununua dukani zina H3. Nunua kile kilichoandikwa kwenye taa. Na kwa Fuso na Scania kumbuka ni volti 24.

Balbu ya halojeni ishike kwenye mguu wake, si kwenye kioo. Mafuta ya kidole yanaungua pale yalipogusa, kioo kinapata joto lisilo sawa na kupasuka mapema. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti na kitambaa safi.

Kama unabadili taa nzima, kuna skrubu mbili au tatu za kuishika na moja ya kurekebisha mwanga. Hiyo ya mwisho usiifungue ukidhani ni ya kuishika. Mara nyingi imejitenga, ina kichwa chembamba na chemchemi (springi). Taa mpya kabla haijaingia, ipitishe kwenye kipimo cha povu. Zile za bei poa zinakuja zimevuja tangu kiwandani.

Kwa gari ambalo halikuja na taa za ukungu, usivute umeme kutoka waya wa dimu. Balbu mbili za wati 55 zinakula amperi 9 hivi, na swichi ya usukani haikuandaliwa mzigo huo. Weka rilei. Miguu yake ina namba: mguu wa 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya amperi 15, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka njiani fyuzi ikatike kabla moto haujaanza. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Mguu wa 85 unakwenda ethi. Mguu wa 86 unapitia swichi yako, na swichi inachukua umeme kutoka taa za kuegeshea. Namna hiyo ukizima taa za gari na hizi zinazima, hukuti betri imekufa asubuhi. Ethi ifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Soketi ipake girisi ya umeme kidogo kabla ya kuifunga, na waya uache ujikunje chini kabla ya kupanda kwenye taa, ili maji yanayofuata waya yadondokee pale kwenye mkunjo.

Mwisho, lenga mwanga. Egesha mahali tambarare, ukuta mita 5 mbele, matairi yakiwa na upepo sawa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani, shuka sentimita 10, piga mstari kwa chaki. Ukingo wa juu wa mwanga ulale kwenye mstari huo. Rekebisha kwa ile skrubu yenye chemchemi, robo mzunguko kwa robo, ukiisimamia.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, kabla jua halijapanda, chutama mbele ya gari na tochi uipitishe taa moja baada ya nyingine, ukianzia kona za chini.